Muhuri wa kutoka unarukwa mpakani, na anayekuja kuumia ni abiria

Wakuu, hili jambo limenyamaziwa mno. Abiria anavuka mpaka kwa basi, anagongewa muhuri mmoja badala ya miwili, anaendelea na safari akiamini mambo yako sawa. Miezi mitatu baadaye anarudi, afisa anafungua pasipoti, anatazama kompyuta, anamuuliza: "Wewe ulitoka lini?" Konda aliyekuwa anapiga kelele "twendeni, tunachelewa" hayupo. Aliyekusanya pasipoti za watu kumi akaziingiza dirishani kwa pamoja hayupo. Anayehojiwa kama mhalifu ni abiria peke yake.

Kosa linazaliwa kwenye mpangilio wa kituo ambao hakuna anayejisumbua kuwaeleza watu. Chukueni Namanga. Kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018, na kwa utaratibu huo anayetoka Arusha kwenda Nairobi hagongewi tena upande wa Tanzania. Basi linapita, linavuka, linasimama upande wa Kenya. Ndani ya jengo hilo hilo wamo maafisa wa nchi zote mbili: kwanza unapita kwa afisa wa Tanzania akugongee kutoka, ndipo unasogea kwa afisa wa Kenya akugongee kuingia. Ukirudi ni kinyume chake, yote yanafanyika upande wa Tanzania, na afisa wa Kenya ndiye wa kwanza. Mantiki ni hiyo hiyo kwenye mipaka mingine ya Tanzania: Holili na Taveta (Kenya), Mutukula (Uganda), Rusumo (Rwanda), Tunduma na Nakonde (Zambia). Unakaguliwa kwenye nchi unayoingia, lakini na nchi zote mbili.

Utaratibu wenyewe ni mzuri na umepunguza kupanga foleni mara mbili. Ubaya ni kwamba madirisha yako jirani, na mgeni akiona bendera ya nchi anayokwenda anaikimbilia hiyo. Afisa wa kuingia anapaswa kutafuta muhuri wa kutoka kabla hajagonga wa kwake. Usiku mabasi matatu yakifuatana, anafungua ukurasa mtupu, anagonga, anarudisha. Amemaliza. Wewe ndiyo kwanza matatizo yako yameanza. Hasira yangu kubwa iko hapa, maana swali moja tu, "umeshapita dirisha la kwanza?", lingezuia yote haya.

Familia ndizo zinazoumia zaidi. Mzazi anakabidhi pasipoti nne, zinarudi nne, hazifunguliwi. Ya mtoto wa mwisho haina kitu. Na kuna wale wa bodaboda wanaosema "panda nikuvushe, foleni ndefu". Huyo hakuvushi, anakutorosha. Ukishapita bila dirisha lolote hauna muhuri wa kutoka wala wa kuingia, na mbele ya sheria umeingia nchi ya watu bila ruhusa, hata kama pasipoti yako ni halali na viza unayo.

Kwa hiyo kabla hujaondoka kwenye jengo, fungua pasipoti yako mwenyewe. Mihuri miwili, nchi mbili. Tazama tarehe: kwa wanaovuka usiku wa manane, muhuri unaweza kuwa bado na tarehe ya jana kwa sababu hakuna aliyeizungusha. Tazama siku ulizopewa, maana mara nyingi huandikwa kwa mkono. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita bila malipo, lakini kinachohesabika ni kilichoandikwa. Ukiandikiwa wiki mbili, una wiki mbili. Wino ukiwa mbichi usifunge ukurasa, utasambaa na tarehe isisomeke. Konda akifoka, mwache afoke.

Ukigundua kosa ukiwa bado hapo, rudi dirisha lile lile. Afisa anabatilisha muhuri wenye kosa na kugonga mwingine. Usishike kalamu ukajirekebishia tarehe au siku. Kuchezea pasipoti ni kosa la jinai, na unakuwa umegeuza uzembe wa mtu mwingine kuwa jinai yako.

Umegundua ukiwa umefika mbali? Kwanza jua ni muhuri upi unaokosekana, kwa sababu uzito haulingani.

Kama ni wa kuingia, wewe uko nchini humo kinyume cha sheria hadi irekebishwe. Hapa hakuna kusubiri siku ya kuondoka. Nenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji iliyo karibu, au rudi mpaka ule ule, mapema kadiri unavyoweza. Anayejipeleka siku ya pili husikilizwa tofauti na anayekamatwa siku ya arobaini.

Kama ni wa kutoka, kumbukumbu za nchi uliyotoka zinaonyesha bado uko ndani. Raia wa nchi hiyo ataulizwa maswali na kucheleweshwa. Mgeni ana balaa zaidi: siku zake zinaendelea kuhesabiwa, na akirudi anaonekana alizidisha muda. Mkenya aliyetoka Tanzania bila muhuri anaweza kudaiwa maelezo ya miezi ambayo alikuwa kwao Machakos analima.

Ushahidi wako mkuu ni muhuri wa kuingia wa nchi ya pili. Mtu hawezi kuwa nchi mbili kwa wakati mmoja, na muhuri huo una tarehe na jina la kituo. Ambatanisha tiketi ya basi yenye jina lako na tarehe, nakala ya ukurasa wa picha na kurasa zote zenye mihuri ya safari hiyo, na chochote kinachoonyesha ulikuwa ng'ambo: risiti ya nyumba ya wageni, miamala ya simu, barua ya kazini. Andika barua fupi ya maelezo kwa Afisa Uhamiaji Mfawidhi wa kituo ulichopitia. Taja tarehe, saa, basi, dirisha ulilopita na lile ulilorukwa. Usiandike lawama ukurasa mzima. Wanachohitaji ni kitu cha kulinganisha na kumbukumbu zao. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Nakala hiyo tembea nayo ndani ya pasipoti kila safari.

Omba pia waangalie kwenye mfumo. Kuna pasipoti zilizosomwa kwenye mashine lakini hazikugongwa. Hizo ni rahisi, safari imo kwenye kumbukumbu. Kuna kinyume chake: mtandao umeshuka, muhuri umegongwa, jina limeandikwa kwenye daftari na halikuingizwa kwenye kompyuta. Hapo muhuri wako ndiyo ngao, na saa uliyovuka ndiyo inayomsaidia afisa kufungua ukurasa sahihi wa daftari.

Usiombe wakurudishie tarehe nyuma. Afisa mwaminifu hatafanya, na anayekubali anakuuzia kesi. Vishoka wanaozunguka mipakani na "muhuri wa haraka" ni wa kukimbia kabisa. Muhuri wa bandia hauna safari inayolingana nao kwenye mfumo, na siku utakapogundulika hakuna barua ya maelezo itakayokuokoa. Ukitozwa faini halali, dai risiti ya serikali. Pesa isiyo na risiti haijafuta chochote kwenye kumbukumbu zako.

Sasa kwenu wenye mabasi. Mnajua utaratibu kuliko abiria, mnapita hapo kila siku. Acheni kukusanya pasipoti. Kila mtu apite na yake. Chapisheni kwenye tiketi kwamba mpakani kuna mihuri miwili, na konda akague kurasa mlangoni kabla gari halijaondoka. Abiria hamsini hawamalizi robo saa. Na wakuu wa vituo, wekeni vibao vikubwa kwa Kiswahili: dirisha la kwanza kutoka, la pili kuingia.

Aliyekwama sasa hivi aandike hapa chini alipita mpaka gani, alikuwa anaelekea wapi, ana pasipoti ya nchi gani, na muhuri upi upo na upi haupo. Msiweke picha ya ukurasa wenye jina wala namba ya pasipoti.