Tupeane uzoefu: nani unamtumia meseji ya kawaida, na nani unamwandikia WhatsApp au Signal?

Mleta mada
Wadau, salaam. Mama yangu yuko Lushoto na kitochi chake. Macho yamepungua nguvu, kwa hiyo meseji ikiingia humpelekea kijana wa duka anakochajia simu amsomee. Mwezi uliopita nilimwandikia kiasi tulichotenga kwa mahari ya mdogo wetu. Kabla ya magharibi majirani watatu walishampa hongera. Kijana hakuwa na ubaya, mama hasikii vizuri, ikabidi asome kwa sauti.

Usiku huo nilipitia majina yote kwenye simu, nikijiuliza: huyu namwandikia wapi, na mambo gani? Najua meseji ya kawaida kampuni ya simu inaweza kuisoma, na WhatsApp tangu Aprili 2016 husimba ujumbe mwisho hadi mwisho, yaani anayetuma na anayepokea tu ndio wanaousoma, kwa mfumo ule ule wa app ya Signal. Lakini kwetu kuna vitochi, bando linakata katikati ya maongezi, na simu moja hushikwa na nyumba nzima. Nyie mnachaguaje? Leteni yaliyowakuta wenyewe.

Muuza mitumba, Mwanza
Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mzigo wangu ulikuwa njiani kutoka Dar na dereva tulizoea kuongea WhatsApp tu. Ujumbe ukakaa na kale kasaa, hauendi. Jioni ndipo nikakumbuka meseji. Akajibu papo hapo: yuko Singida, tairi limepasuka. Tangu hapo habari za safari ni meseji.

Ila namba ya malipo siipokei kwa meseji tena. Kuna mtu wa marobota alikuwa ananidai, nikiwa nasubiri namba yake, ikaingia meseji "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikatuma. Laki tatu na nusu. Sasa napiga kwanza, nasikia sauti yake, ndipo natuma. Meseji za matapeli nazipeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Muuguzi, Moshi
Pole sana kaka. Langu ni la WhatsApp yenyewe, na bado linaniuma. Wodini kwetu tulikuwa tukitumiana picha za vidonda ili daktari wa zamu ashauri akiwa nyumbani. Niliamini kwamba kwa kuwa imesimbwa, basi siri ya mgonjwa iko salama. Siku moja mwanangu wa darasa la tano ameshika simu yangu anatafuta picha za birthday yake, akaniuliza, "Mama, huyu bibi mguu wake umefanyaje?" Picha zilikuwa zimejihifadhi zenyewe kwenye albamu, katikati ya picha za keki.

Nilipochunguza zaidi nikakuta na nakala za mazungumzo zinapanda mtandaoni kila usiku bila kufungwa, yaani bila kusimbwa. Njia ya kuzifunga ipo tangu 2021, ila lazima uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio.

Sasa mambo ya wagonjwa ni Signal, na ujumbe tumeuwekea muda, baada ya siku moja unafutika. Picha haziendi kwenye albamu mpaka uzihifadhi kwa mkono. Shida ni watu. Kati ya wenzangu kumi na moja, wanne ndio waliokubali kuipakua. Wengine wakinitumia picha WhatsApp, nawapigia, naomba wanieleze kwa mdomo.

Mweka hazina wa kikoba, Tanga
Sisi tulihamia Telegram tukidhani ndiyo yenye siri zaidi. Kumbe makundi yake hayasimbwi mwisho hadi mwisho, ni yale mazungumzo ya siri ya watu wawili tu. Orodha ya mikopo tumeiondoa huko.

Niko Dubai
Huku simu za WhatsApp hazipiti, lakini maandishi na sauti zinafika, kwa hiyo nyumbani naongea nao hivyo. Mwaka jana "dada" aliniandikia akiomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu kwa meseji. Nikampa. Kumbe akaunti ya dada ilishaibwa, na yangu ikafuata. Wifi na shangazi wawili walituma hela wakijua ni mimi niliyekwama. Angalieni hapo: mlango wa WhatsApp unafunguliwa kwa meseji ya kawaida. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, muweke namba ya siri yenu wenyewe.

Mleta mada
Dada wa Dubai, pole mno, na ahsante. Nimeiwasha sasa hivi. Muuguzi, na nakala zangu nimezifunga. Nilichagua ule ufunguo wa tarakimu 64 badala ya nenosiri, nikaunakili kwenye daftari la ada za watoto, nikausoma mara mbili na mume wangu akifuatisha kwa kidole. Mwanza, la namba ya malipo nalichukua kama lilivyo.

Mama nitakuwa nampigia saa moja jioni, simu ikishatoka dukani. Meseji kwake ni "tumefika salama" na siku ya kliniki.