Subaru Impreza WRX inavuta kushoto: nianze na tairi, alaimenti au bushi?

Mtaa_wa_Pili:
Wakuu salaam. Nina WRX ya 2004. Nikilegeza usukani tu, gari inakimbilia kushoto. Ukifika Kibaha mikono imeshachoka kwa kuizuia. Upepo uko sawa pande zote. Kila fundi ana dawa yake: mmoja alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu kwa mashine), mwingine bushi za mbele (raba za kwenye maungio ya chini), wa tatu kanihukumia tairi. Hela iliyopo inatosha kimoja kwa sasa. Mngeanza na kipi?

Kolokolo:
Alaimenti mkuu, usizunguke. Ila ipimwe magurudumu yote manne. Impreza hata nyuma inarekebishwa, na nyuma ikikaa vibaya gari inatembea kiubavuubavu. Dai karatasi ya vipimo, kabla na baada. Asiyekuwa nayo muage.

Bi_Turbo:
Kaka, kabla hujatoa hata senti, hamisha tairi za mbele: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Ikianza kuvuta kulia, mchawi ni tairi. Kuna tairi zinatoka kiwandani zimepinda kidogo ndani, kwa macho huoni kitu, hata zikiwa mpya. Angalia ubavuni kwanza: zikiwa na mshale wa mwelekeo, lazima zivuliwe kwenye rimu.

Na ikiwa ni tairi kweli, usinunue moja! Subaru wanataka mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Mpya moja kati ya kuukuu tatu, difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, haipumziki.

Jogoo_Tabata:
Barabara zenyewe mmeziangalia? Zimeinamishwa ukingoni ili maji ya mvua yatoke, na sisi tunaendesha kushoto. Kila gari itaegemea huko kidogo. Jaribu sehemu tambarare.

Spana14:
Mnakimbilia mashine mapema mno. Alaimenti juu ya bushi iliyokufa ni hela ya kutupa. Leo vipimo vinasoma vizuri, kesho ukikanyaga breki amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) inarudi nyuma na kila kitu kimehama. Inua gari, chomeka mtalimbo kwenye amu ya chini karibu na bushi ya nyuma, sukuma taratibu. Raba iliyochanika utaiona inafunguka kama mdomo. Ukishatoka hapo shika gurudumu juu na chini, tikisa. Likicheza, ni bolijointi (kiungo cha amu na gurudumu) au beringi.

Mtaa_wa_Pili:
Nimerudi. Sehemu tambarare, bado kushoto. Tairi nimehamisha, bado kushoto. Nikishika breki inazidi.

Spana14:
Tairi iondoe kwenye kesi. Hiyo ya breki inaweza kuwa kalipa (kile kinachobana diski ya breki) iliyokwama. Tembea umbali kidogo bila kushika breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Usiguse diski, itakuunguza. Kushoto kukiwa na joto kuliko kulia, fungua kalipa.

Mtaa_wa_Pili:
Joto ni sawa kote. Ila mtalimbo umesema: bushi ya nyuma ya amu ya kushoto imechanika nusu.

Kolokolo:
Basi hapo Spana14 kanishinda, anza na bushi. Amu ikirudi nyuma, kasta ya upande huo (mlalo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma) inapungua, na gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Impreza haina boliti ya kurekebisha kasta. Mwenye mashine angekuzibia kwa kemba (kuinamisha gurudumu ndani au nje), pale kwenye boliti ya juu ya shokapu, gari inyooke huku tairi inaliwa upande mmoja. Alaimenti ije baada ya bushi, siyo kabla.

Mtaa_wa_Pili:
Ahsanteni sana. Niweke za raba au zile ngumu za poliurethani?

Bi_Turbo:
Poliurethani usukani unajibu haraka, lakini mtikisiko wote unakuja mkononi. Kwa gari ya kwenda nayo kazini, raba. Na badilisha pande zote mbili, ya kulia ina umri uleule.

Jogoo_Tabata:
Amu ya mtumba wakikuletea, ikague bushi kabla hujalipa.