Wakuu naomba muvi za sayansi za kuangalia sebuleni mama mkwe akiwepo

BabaNeema_Tabata:
Habari za jioni wakuu. Iko hivi, mke wangu kajifungua wiki tatu zilizopita, mama mkwe kashuka kutoka Lushoto kuja kumuuguza mzazi, na hawa wakubwa wawili (darasa la nne na fomu wani) wamefunga shule, kwa hiyo kila ikifika saa mbili na nusu usiku taarifa ya habari ikiisha tunajikuta wote sebuleni tunaangaliana. Runinga ipo, inchi 43, ina tundu la flashi. Mimi ugonjwa wangu ni muvi za sayansi, mambo ya anga, roboti, sayari za mbali, nikaona ndo nafasi yenyewe ya kuwaambukiza wanangu.

Juzi nikaenda kwa dogo anayejaza muvi hapa mtaani nikamwambia niwekee ya anga za juu ila iwe ya familia, akanijibu "braza hii kali sana". Nikaiweka. Haijafika robo saa, jamaa na bibie wako ndani ya chombo, mara taa zinafifia, mara zipu inashuka. Natafuta rimoti siioni, kumbe mdogo kaikalia, nikaruka ukutani kuchomoa waya, nikachomoa wa friji. Mama mkwe kajivuta ushungi usoni anasema "mie naenda kumwangalia mtoto", na mtoto mwenyewe kalala hata hajalia. Tangu siku hiyo chai ananiachia mezani, haniiti.

Sasa naomba muvi isiyo na kitanda, isiyo na tusi kila sentensi, mtoto wa miaka kumi aielewe, na mama ambaye Kiingereza hakipandi asiishie kusinzia. Zilizotafsiriwa pia sawa ila naziogopa, mtanishauri.

Mzee wa Flashi:
Pole sana mkuu, nimecheka hadi wateja wananishangaa. Mimi mwenyewe ni mjaza muvi huku Mwananyamala, naijua hiyo "hii kali sana", huyo dogo hajaiangalia, kaona kava tu.

Anza na The Martian ya 2015, ya Ridley Scott, Matt Damon ndo staringi. Mwanaanga kaachwa Mars wenzake wakidhani kafa, na chakula hakitoshi, basi yule ni mtaalamu wa mimea, anachukua udongo wa Mars anauleta ndani anachanganya na, samahani, kinyesi chao wenyewe kilichokaushwa kwenye mifuko, anapanda viazi. Mama mkwe wa Lushoto mkuu! Pale ni kwao, viazi anavijua kuliko huyo mwanaanga, hutahitaji kutafsiri neno. Angalizo mawili tu: mwanzoni anajitoa kipande cha chuma tumboni mwenyewe, damu ipo, na kule mwishoni kakonda anapita mara moja akiwa uchi kwa nyuma, ni sekunde, wewe uwe umeshika rimoti MKONONI siku hiyo.

Ukitaka isiyo na maneno mengi kabisa weka Wall-E, katuni ya 2008, karoboti kamebaki peke yake duniani kanakusanya takataka, kipande kirefu cha mwanzo karibu hakuna mazungumzo, wote mtakuwa sawa hapo, mwenye digrii na asiye nayo. Gravity nayo fupi, dakika 91, ya mwanaanga wa kike aliyekwama angani, ila yule dada akifika ndani ya chombo anavua vazi la anga anabaki na kaptula na singlendi, sasa sijui kwa mama hiyo inahesabika vipi.

Halafu mtu asije akakupendekezea District 9. Ni muvi kubwa, 2009, chombo cha wageni wa kutoka sayari nyingine kimening'inia juu ya Johannesburg na wageni wenyewe wamefungiwa kambini kama watu walivyofungiwa enzi za makaburu, iliteuliwa Oscar vipengele vinne, lakini matusi yake mkuu ni kama mvua ya masika. Ile wakilala.

Mwl_Fizikia_Iringa:
Naunga mkono The Martian japo lile dhoruba la mwanzo ni la uongo, hewa ya Mars ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya wa kwetu, upepo wa kule hauwezi kuangusha roketi. Ila bila hilo dhoruba jamaa asingeachwa na muvi isingekuwepo, tusamehe.

Kuhusu zilizotafsiriwa nakushauri USITHUBUTU kwa muvi za sayansi. Za ngumi sawa, za Kihindi sawa, hata mimi nimekulia kwenye kibanda umiza enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, na ninamheshimu. Lakini nimewahi kuona Interstellar iliyotafsiriwa na mmoja simtaji, wakafika kwenye shimo jeusi, lile la angani linalomeza hata mwanga, jamaa akasema "sasa hapa ndugu mtazamaji wanaingia kuzimu", halafu ile saa inayochezacheza mshale akasema ni majini. Wanafunzi wangu wawili wakaja kuniuliza kama NASA wana waganga.

Na hiyo Interstellar (2014, Christopher Nolan) ndo ningekuambia uweke. Mwanafizikia Kip Thorne ndo alikuwa mshauri wao, na 2017 akaja kupata Nobel kwa kazi nyingine, ya mawimbi ya uvutano. Kuna sayari ipo karibu sana na shimo jeusi, uvutano mkali wa pale unachelewesha muda, saa moja pale ni miaka 7 huku duniani. Watoto wakisema uongo waambie hata saa za satelaiti za GPS hazitembei sawa na za huku chini, zinakimbia mbele kama sekunde milioni-moja-kwa-38 hivi kila siku na inabidi zirekebishwe, la sivyo hiyo ramani ya bodaboda ingekupeleka Kimara ukienda Tabata.

Mzee wa Flashi:
Mwalimu hapo kwenye "milioni-moja-kwa-38" umetuacha stendi.

Mwl_Fizikia_Iringa:
Gawa sekunde moja vipande milioni. Chukua vipande 38. Basi. Vidogo lakini ndani ya siku moja tu ramani inakosea kilomita kadhaa.

BintiShangani:
Assalaam alaykum. Mie sina utaalamu wa fizikia ila hiyo Interstellar nimeiangalia na bibi yangu hapa Unguja na nataka nimwambie huyu baba asiogope, kwa sababu mie niliogopa nikakosea.

Bibi ana miaka 80 na ushee, Kiingereza hajui hata "hau a yu". Nkamwambia bibi hii ndefu, saa tatu kasoro, ukichoka sema. Mwanzo akawa anauliza tu, kwani hawa vumbi hili hawafagii? Nkawa namwambia kidogo kidogo, huyu baba anasafiri, huyu binti yake kanuna hataki kumuaga. Akasema "ana haki". Wakafika kwenye ile sayari ya maji, lile wimbi kubwa, akashika mkono wangu. Mie nikaanza kueleza hesabu za saa na miaka, hanisikilizi.

Halafu ndo pale baba anarudi chomboni, wamepotea miaka 23, anakaa mbele ya skrini anafungua ujumbe wa watoto wake mmoja mmoja, mtoto wa kiume kakua, kaoa, kapata mtoto, babu yao kafa, yote ndani ya kikao kimoja, na yule baba analia na hawezi kujibu. Bibi akasema, "Hizi kanda."

Sikumfahamu. Akasema tena, "Hizi kanda za Maskati." Kaka yake aliondoka hapa kwenda Oman mwaka 1971, wakati huo simu hakuna, barua mtu anaogopa itafunguliwa, basi wakitumiana kaseti kwa mkono wa msafiri. Wanakaa chumbani wanazungumza na redio kaseti kama wanazungumza na mtu, "fulani kaolewa, fulani katangulia mbele ya haki, mwembe wa uani umekatwa." Huyo kaka kaseti nyingine akizipata mwaka mzima umepita, anamsikia mama yake anamsalimu na mama keshazikwa. Bibi akanyanyuka akaenda kabatini akaja na kiboksi cha TDK, zimo sita, redio ya kuzichezea hatuna. Muvi tukaisimamisha usiku ule, tukaimaliza kesho yake.

Sasa huyo mfasiri wa majini angemwambia nini bibi yangu ambacho hakujua?

Kamaa_wa_Kayole:
Aki hiyo ya kaseti imenipiga. Sisi huku Nairobi mtafsiri wetu wa muvi ni DJ Afro, tunamheshimu, hamtanitoa hapo, mimi muvi ya kupigana bila yeye naona kama ugali bila mboga. Lakini mwalimu amesema ukweli, DJ anaongea juu ya muvi, na kuna muvi zinataka kunyamaziwa.

Mbona hakuna mtu ametaja za kwetu? Tafuta Pumzi ya Wanuri Kahiu, ni ya 2009, dakika ishirini hivi tu, ikaenda mpaka tamasha la filamu la Sundance, Marekani, 2010. Ni miaka 35 baada ya vita vya maji, nje ni jangwa, watu wanaishi ndani, jasho na hata mkojo vinasafishwa vinanywewa tena, stima inatengenezwa na watu wakikimbia kwa mashine. Kuna msichana, Asha, anafanya kazi kwa museum, siku moja anatumiwa udongo kidogo kwa kiboksi, anapanda mbegu inaota. Maneno ni machache sana. Mama mkwe akishapanda viazi Mars na huyo mzungu, mwambie sasa apande mti na Asha. Hiyo haina kitanda, haina matusi, na hata ikikatika stima mtakuwa mmemaliza.

Kwa watoto kuna Kizazi Moto, zilitoka 2023, ni katuni fupi kumi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, zingine Uganda zingine Kenya, ng'ombe na roboti pamoja. Chagua wewe kwanza, kuna zenye zinatisha kidogo. Na Supa Modo, hiyo si sayansi lakini ni ya msichana mgonjwa anaitwa Jo anataka kuwa supahiro, kijiji chote kinamsaidia. Uwe na leso. Nimemaliza.

Dada_Kigoma:
Mimi ningemwongezea Arrival, wageni kutoka anga za mbali wanafika duniani na anayeitwa kuongea nao siyo mwanajeshi, ni mwalimu wa lugha.

Mzee wa Flashi:
Dada, Arrival na mama anayelala saa nne? Wale wageni wanachora duara ukutani lisaa lizima. Nzuri, sikatai, ila kila niliyemjazia karudi kuniuliza kama ina sehemu ya pili yenye vita.

Dada_Kigoma:
Ndo maana nimesema mwalimu wa lugha. Walimu hatuna haraka.

BabaNeema_Tabata:
Wakuu narudi na mrejesho. Jana nimeweka The Martian, rimoti nimeifunga na kamba kwenye mkono, siwatanii, mke wangu kapiga picha.

Pale pa damu mama mkwe hakushtuka hata kidogo, akasema amezalisha watu wengi yule kijana anaringa. Viazi vilipoota akasogea mbele ya kiti. Akawa anamkosoa jamaa, kapanda karibu karibu mno, hajapalilia, na akaniuliza mbona hivyo viazi anakula vitupu, hana hata chumvi? Nikamwambia ana sosi ya nyanya. Sasa sosi ikaisha, mtaikumbuka hiyo, jamaa anachukua kidonge cha maumivu anakisaga anachovya kiazi. Mama mkwe kacheka hadi mtoto akaamka kweli safari hii. Ile ya uchi mwishoni LUKU ikakata umeme dakika tano kabla, sikuamini, Mungu ni mwema, nikaenda kununua uniti taratibu na baada ya kuwasha nikaanzia mbele kidogo.

Leo asubuhi kaniita chai. Kauliza "leo kuna nini baba Neema?" Nimemsimulia habari ya kaseti za Unguja, akanyamaza, baba yake alikwenda mkonge Tanga, hakurudi, akasema weka hiyo. Sasa ni saa tatu kasoro na yeye lazima aamke usiku kumsaidia mzazi. BintiShangani, mliikata wapi nyie ikafaa?

BintiShangani:
Ikate wakitoka kwenye sayari ya maji, mlango wa chombo ukifungwa tu, yule baba hajakaa kwenye skrini. Akishakaa hutoiweza kuikata.