Mali za kiongozi ziwekwe wazi au zibaki siri yake? Tujadili

Wadau wa Arusha na Moshi, juzi pale Kaloleni jamaa mmoja kasema mali za kiongozi ni siri yake kama zilivyo za mtu mwingine yeyote, tumpime kwa kazi tu. Wengi wakamuunga mkono. Mimi napinga kabisa.

Mji wetu ndo uliotoa Azimio la Arusha mwaka 1967, na masharti ya viongozi yalikuwa yananyooka: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 chama tawala, CCM, kikakaa Zanzibar kikayalegeza masharti hayo. Sawa, sidai turudi kule, mtu akijenga Njiro kwa jasho lake ajenge. Ila sheria ya maadili ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi ajaze fomu ya mali na madeni kila mwisho wa mwaka, anaipeleka kwa Kamishna wa Maadili, basi imeishia huko, haitangazwi, wewe uliyempa kura unabaki kuhisi tu.

Mtaani kwetu tulichangishwa hela ya kifusi cha barabara, nyumba kwa nyumba, risiti hamna. Kikamwagwa kidogo, masika ikaja ikabeba chote mpaka mtaroni, leo bodaboda anakushushia lami anakwambia mama huko hapapitiki. Kwenye mkutano wa mtaa mzee mmoja akaomba asomewe mapato na matumizi, kwa adabu zote, akajibiwa katumwa na watu wasiotaka maendeleo. Na aliyeshika hiyo hela kipindi hichohicho kapandisha ukuta na geti jipya. Inawezekana kakopa benki, inawezekana kauza shamba la urithi kule Rombo, lakini kwa kuwa hakuna palipoandikwa basi kila mtu anasema lake, na kama ni msafi anachafuka bure na watoto wake wanasikia.

Kuna wanaosema tukiweka wazi tutawauza viongozi kwa majambazi. Jamani, gari tunaliona, ghorofa tunaliona, hata jambazi anaviona! Tusichokiona ni vilikotoka.

Na kuwajibika hakumuui mtu. Mzee Mwinyi miaka ya 70 aliachia uwaziri wa mambo ya ndani sababu watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, wala si yeye aliyewagusa, na mwaka 1985 nchi ikampa urais.

Kwahiyo hoja yangu ni hii, fomu zianzie kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka mbunge, na zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, ukienda kufuata barua ya utambulisho unasoma. Anayepinga aniambie mwananchi wa Ngarenaro au Majengo Moshi atamkagua vipi diwani wake bila hiyo karatasi.