Mjadala: Magari ya umeme yafutiwe ushuru sasa, au betri za mtumba zipimwe kwanza?

Wakuu, habari za muda huu.

Kelele za kutaka Serikali ifute ushuru wa magari ya umeme zinazidi, na mfano unaotajwa kila mara ni Rwanda, ambayo mwaka 2021 iliyaondolea ushuru wa forodha na VAT. Naunga mkono gari la umeme. Kwa mtu wa Dar linalipa, nitaonyesha hesabu hapa chini. Lakini napinga ushuru kufutwa kabla hatujaweka utaratibu wa kupima betri za mtumba, kwa sababu atakayeumia ni mwananchi wa kawaida aliyekusanya milioni zake kwa miaka.

Tuanze na matumizi. Gari dogo la umeme kama Nissan Leaf linakula yuniti (kilowati-saa) 17 hivi kwa kilomita 100. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, tuseme 20. Yuniti ya mteja wa kawaida wa TANESCO ni shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo kilomita 100 ni kama 7,100. Petroli ya Dar kati ya 2023 na 2025 mara nyingi imecheza baina ya 2,700 na 3,300 kwa lita. Chukua 2,800, na gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita kwenye foleni zetu. Kilomita zile zile 100 zinakula zaidi ya 23,000. Anayetembea kilomita 1,200 kwa mwezi anabakiwa na karibu laki mbili mfukoni.

Na foleni ndiyo inayolibeba gari la umeme. Ukisimama Mwenge nusu saa, mota haili kitu, ni AC na redio tu. Ukikanyaga breki, sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mafuta ya gia (ATF) ya kubadilisha mara kwa mara, na pedi za breki zinakaa muda mrefu. Matairi na bushi ndivyo vinaisha haraka, maana gari ni zito kuliko linavyoonekana.

Sasa kuna jambo wauzaji hawalisemi. Nyumba nyingi zetu ziko kwenye bei nafuu ya Luku, ile ya yuniti kwa shilingi 122, ambayo ni ya anayetumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Gari linalotembea kilomita 1,200 kwa mwezi linataka yuniti 240. Maana yake unatoka kwenye kundi hilo, na friji, taa na pasi navyo vinahamia bei ya 356. Ziingize kwenye hesabu. Kama umepanga na Luku ni ya kuchangia na wapangaji wenzako, sahau kabisa. Hakuna mama mwenye nyumba atakayekubali waya upite dirishani usiku kucha, na wenzako hawatakubali kuchangia. Kuchaji nyumbani kwenyewe si tatizo kwa mwenye geti lake: soketi nzuri iliyofungwa na fundi makini, yenye eathi inayofanya kazi, inakupa kilomita 100 na zaidi kati ya saa nne usiku na alfajiri.

Haki itendeke kwa gesi pia. CNG, yaani gesi asilia ya magari, ikiwa 1,550 kwa kilo, na kilomita 100 zikitaka kilo 6 hivi, unatumia 9,300. Tofauti na umeme ni kama elfu mbili tu! Mwenye gari zima la petroli tayari, akifunga mtungi kwa milioni mbili hivi, atarudisha pesa yake haraka kuliko anayeuza gari anunue la umeme. Atapoteza nafasi ya buti na atapanga foleni kituoni, lakini hesabu ni hesabu.

Nakuja kwenye betri, ambako ndiko ninakotaka tugombanie.

Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa kuipoza betri kwa maji. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo la joto kali huko Marekani, walilalamika kwamba uwezo wa betri unashuka kwa kasi, na toleo la 2015 likaja na betri iliyoboreshwa kuhimili joto. Sisi tunaishi Dar, Tanga, Mtwara, Zanzibar. Gari linashinda juani Kariakoo kuanzia asubuhi. Halafu tunaagiza hizo hizo za 2011 hadi 2014 kwa sababu ndizo za bei rahisi.

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna mistari 12 inayoonyesha afya ya betri. Ukizimika wa kwanza, karibu asilimia 15 ya uwezo imeshaondoka. Gari lililokuwa likienda kilomita 117 kwa chaji moja, kwa vipimo vya Marekani, lilipokuwa jipya, baada ya kupoteza theluthi linabaki na chini ya 80. Washa AC, panda na familia, teremka Kibaha na urudi, roho mkononi. Kibaya zaidi, kuna wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili mistari yote 12 iwake siku ya kuuza, kisha inazimika mmoja mmoja ukishalipa. Na betri ndicho kipuri ghali kuliko vyote kwenye gari hilo, injini ya mtumba ya Vitz haifui dafu.

Kupima kunawezekana. Kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa kwenye gari na programu ya LeafSpy kwenye simu vinasoma afya ya betri na volti za seli zake. Ninachotaka ni hiki: ukaguzi wa magari yaliyotumika unaosimamiwa na TBS (Shirika la Viwango) uwe na kipimo cha betri, asilimia iandikwe kwenye cheti, na gari lililo chini ya kiwango fulani lisipate unafuu wowote wa kodi. Mimi napendekeza asilimia 75. Anayeona ni kali au ni legevu aseme kwa nini.

NYONGEZA: nimesoma michango, najibu mitatu.

Ndugu anayesema gridi haiwezi: Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na treni ya SGR (reli ya kisasa) inatembea kwa umeme tangu 2024. Magari yanachajiwa usiku, wakati matumizi yako chini. Ni kweli gridi ilizimika Aprili 2024, lakini aliyekuwa na chaji nusu hakulala njiani. Hofu yangu ni transfoma za mitaani, siyo bwawa.

Dada wa Moshi anauliza safari za Krismasi kutoka Dar kwenda kwao. Dada yangu, kwa mtumba wa Leaf jibu ni hapana. Hata ile ya kilowati-saa 40, yenye kilomita 243 za vipimo ikiwa mpya, haikufikishi nyumbani bila kusimama mara mbili kuchaji kwa saa nyingi. Panda basi, au uwe na gari la pili.

Aliyegusa tozo ya barabara amenifikirisha zaidi ya wote. Anasema barabara zinatengenezwa kwa tozo iliyo kwenye lita ya mafuta, kwa hiyo mwenye gari la umeme anapita bure huku bodaboda akimlipia. Ana hoja nzito. Kwa sasa magari ni machache, tusiyatoze. Yakiongezeka, naona ada ya mwaka kulingana na uzito ni bora kuliko tozo kwenye yuniti, kwa sababu Luku haijui kama umechaji gari au umepika kwa jiko la umeme.

Wenye magari haya mtupe data: mwaka wa gari, asilimia ya betri uliponunua na ilivyo leo, na linashinda juani au kivulini. Wenye BYD na mengine mapya ya Kichina yenye betri za LFP (lithiamu ya chuma na fosfeti) pia mseme, maana kemia hiyo inasifiwa kuvumilia joto na sina wa karibu aliyekaa nalo miaka mitatu hapa Pwani.