Sura ya tatu, kliniki ya mama na sendofu, wiki moja!

Wakuu, habari. Nasoma masters hapa Dar. Ijumaa msimamizi anataka sura ya tatu ya tasnifu yangu, na kipengele cha sampuli bado kinanisumbua. Mama kaja kutoka Moshi, Alhamisi alfajiri nampeleka kliniki ya macho. Jumamosi sendofu (sherehe ya kumuaga bi harusi) ya rafiki yangu Mbagala, na daftari la michango ninalo mimi! Mnajipangaje?

Jibu: Pole mkuu. Andikia hapohapo kwenye foleni ya kliniki. Daftari mkabidhi mwenzako leo leo.

Jibu: Daftari usimpe mtu! Hela za watu hizo.

Muuliza swali: Nabaki nalo, kuna mjomba wa bi harusi bado anadaiwa ahadi. Mama kasema nibebe kompyuta, namba atashika yeye.