Shati la flaneli la kazi za nje linalofunika silaha kiunoni: nichague lipi?

Mpasua Kuni (Maine)

Ndugu zangu, natumaini nyote mu wazima. Ninaishi nje kidogo ya mji wa Lewiston, na kazi yangu kuanzia Septemba hadi theluji inapofunga njia ni kukata kuni kwa msumeno wa mashine, kuzipasua na kuzipeleka majumbani kwa watu. Mwaka huu, baada ya kupata uraia na kumaliza mafunzo ya usalama wa silaha, nimepewa kibali cha kubeba bastola, nami huibeba upande wa kulia, ndani ya kiuno cha suruali, katika ala ya plastiki ngumu. Kinachonisumbua ni shati. Ninayo mawili ya flaneli, niliyoyanunua kwa bei nafuu, na yote mawili huniumbua: nikiinua mikono kuweka gogo juu ya safu, pindo hupanda kiasi cha vidole vinne na mpini wa bastola huonekana, nikiinama na kuinuka, kitambaa hunasa kwenye mpini huo, ambao umekwaruzwa makusudi ili usiteleze mkononi, na hubaki kimejikunja pale mpaka nikishushe. Wateja wangu wengi ni wazee wanaoishi peke yao na wanaoniamini, na sitaki hata mmoja wao ashtuke akiwa uani kwake. Je, nitafute kitambaa gani na mshono wa namna gani?

Fundi wa Kibokoni (Ohio)

Ndugu Mpasua Kuni, nilishona kanzu Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kuja huku, ambako sasa ninarekebisha nguo za watu, na ninavyoona mimi, tatizo lako linaanzia kwapani kabla ya kufika kwenye pindo. Mashati mengi ya bei nafuu hupachikwa mkono moja kwa moja kwenye badani, yaani sehemu ya kiwiliwili, kwa hiyo mkono ukipanda, badani nzima hupanda nao. Kanzu haisumbui hivyo kwa sababu ina kikwapa, kile kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono ili kuupa nafasi ya kunyanyuka. Yapo mashati ya kazi ya Kimarekani yenye kipande cha namna hiyohiyo. Duluth Trading, kwa mfano, huuza flaneli zilizotiwa kikwapa na kuongezwa urefu nyuma. Ukiwa dukani, funga vifungo vyote, inua mikono juu kabisa kana kwamba unapanga magogo, kisha mwombe mwenzako akuangalie kiunoni.

Pindo nalo uliangalie vizuri. Shati lenye pindo la duara huwa refu mbele na nyuma lakini fupi kabisa ubavuni, na ubavuni ndipo ulipoweka silaha yako. Chagua pindo lililonyooka, lenye mpasuo mfupi, na liwe limeshuka chini ya mkanda walau shibiri moja. Kuhusu uzito, Wamarekani hupima kitambaa kwa aunsi kwa yadi ya mraba: flaneli ya aunsi 5 (kama gramu 170 kwa mita ya mraba) ni laini mno na hufuata kila umbo lililo chini yake, ilhali ya aunsi 8 (kama gramu 270) huning'inia kwa uzito wake yenyewe. Usisahau kwamba pamba hunywea. Lifue na kulikausha mara mbili kabla ya kuamua kwamba urefu unatosha. Na ukiliagiza kwa Kiswahili, sema shati la flaneli, kwani neno letu fulana lilitokana na flaneli hiyohiyo, lakini leo ukiomba fulana utaletewa nguo ya ndani isiyo na vifungo.

Mama Tumaini (New Hampshire)

Kaka, mimi hufundisha wanaoanza kubeba silaha, na fundi amenena vyema. Ninaongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kuonekana kwa mpini. Shati refu na zito linaweza kuingiza pindo lake ndani ya ala wakati unairudisha bastola, na mkunjo wa kitambaa ukikaa mbele ya kifyatuo, silaha inaweza kufyatuka ikiwa imeelekea kwenye paja lako. Vuta shati kwa mkono wa kushoto hadi kifuani, litazame tundu la ala kwa macho yako, kisha rudisha polepole. Hakuna anayekuhimiza.

Watu wengi huacha shati la flaneli wazi juu ya fulana ili lifunike ala, na kwa kwenda sokoni haina neno, hasa likiwa la miraba mikubwa, kwa kuwa miraba hupoteza umbo la kitu kilichovimba. Lakini wewe unatumia msumeno wa mashine. Shati lililo wazi mbele ya mnyororo unaozunguka ni hatari ambayo siwezi kuitetea hata kidogo. Wakati wa mashine, funga shati hadi juu, funga vifungo vya mikononi, na bastola iwe ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa ufunguo. Uivae tena ukimaliza.

Mzee wa Misitu (Oregon)

Wanangu, mmesahau mvua. Pamba ikilowa hushika maji na kukuibia joto la mwili, na Novemba ya Maine haina huruma. Sufu huendelea kukupa joto hata ikiwa na unyevu, na cheche ikiirukia haishiki moto upesi kama pamba yenye manyoya. Pendleton wa huku kwetu wamekuwa wakishona mashati ya sufu tangu 1924. Ni ghali, lakini nina moja ambalo viwiko vyake nimevitia viraka mara mbili na bado ninalivaa.

Mpasua Kuni (Maine)

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Jumamosi nilikwenda Freeport, mwendo usiofika saa moja kutoka kwangu, katika duka la L.L.Bean, ambalo limekuwa likiuza shati la pamba nzito iliyochanuliwa pande zote mbili tangu 1927. Nililivaa, nikainua mikono mbele ya kioo, na mke wangu akaniambia mkanda haukuonekana. Hata hivyo ubavuni lilibaki na nafasi ndogo, nami nikahofia kunywea, kwa hiyo nilichukua saizi ya watu warefu. Limekwisha kufuliwa mara moja na limepungua upana wa kidole kimoja. Kisanduku cha chuma nimekifunga kwa boliti chini ya kiti cha gari. Fundi, likinywea zaidi baada ya kufuliwa mara ya pili, inawezekana kuliongezea taharizi, vile vipande vya pembeni vya kanzu, ubavuni bila kuharibu miraba yake?